Kamba Iliyoganda Vizuri

Elkana Ondieki hakuwahi kuamini kitu kisichoganda. Uji mwepesi aliusukuma kando. Ugali laini aliuita chakula cha wagonjwa. Mtu aliyesema hili asubuhi na lile jioni, Elkana alisema huyo bado ni maji ya miwa, hajafika jikoni. Nilifanya kazi naye meza moja kule Sori, katika karakana ya nyuzi za nyavu, na haikupita wiki bila kunihubiria habari ya kuganda. Mimi ni mwanamke wa ziwani, nimekulia kwenye omena, dagaa wa ziwa letu, na mahubiri ya katikati ya wiki hunichosha haraka. Lakini huyu Jakisii, yaani Mkisii, ndivyo tulivyomwita sisi Wajaluo wa pale, alikuwa na namna ya kurudia jambo mpaka ukajikuta unamcheka na huku umelishika.

Alijifunza hayo mbele ya moto. Tangu ujana wake alikuwa mpishi wa sukari nguru upande wa Awendo, kwenye kinu kidogo cha mtu binafsi, ambako maji ya miwa huchemshwa kwenye makarai mapana hadi yawe mazito. Kuchochea si kazi ya mpishi, yeyote anaweza kuchochea. Kazi yake ni kujua wakati. Elkana alichovya kijiti, akadondosha tone kwenye kopo la maji baridi, akalibiringisha kwa vidole. Tone likiwa gumu na lenye chembe, alipiga kelele moto uondolewe. Likiteleza na kunatanata, alijua miwa ile ilikatwa zamani, ikalala juani na kuharibika ndani, wala haitaganda hata ikichemshwa hadi kesho.

"Muwa mzima huganda," aliniambia. "Muwa ulioharibika unabaki uji. Hakuna siri ingine, Min Maxwell."

Min Maxwell ni mimi. Maxwell ni kifungua mimba wangu, na huku kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake hupumzika. Kwenye kitambulisho naitwa Mellen.

Kinu kilipofungwa, Elkana alihamia Sori na mkewe Nyaboke, ambaye alikuwa ameshaanza kuleta ndizi za Kisii sokoni. Walikuwa Waadventista wa kweli kweli. Ijumaa jua likianza kushuka, Elkana alinawa mikono na kuaga, hata kama mashine ilikuwa bado ina moto. Na hakula samaki asiye na magamba. Hebu fikiria mtu wa namna hiyo kuishi Sori, mahali ambapo kamongo mmoja aliyekaushwa vizuri anaweza kupatanisha majirani waliogombana. Nilimtania sana kwa hilo. Alinijibu kwamba hakuja ziwani kula, alikuja kuishi.

Karakana yetu ilikuwa ya mradi. Nyavu za plastiki zikikatika na kupotea ziwani haziozi. Zinaendelea kunasa samaki huko chini mwaka baada ya mwaka, samaki wasioliwa na mtu. Mradi ulitaka nyuzi ambazo zikipotea majini zitakufa zenyewe. Tukaletewa punje za plastiki ya kuoza, aina mbili zilizochanganywa: moja ngumu, iliyotengenezwa kwa sukari ya mimea, na nyingine laini, ya kuifanya ile ngumu ijipinde bila kuvunjika. Mashine iliyeyusha punje na kuzivuta kuwa nyuzi, na Elkana ndiye aliyeiendesha. Mimi nilisokota nyuzi hizo na kuzizungusha kwenye vigurudumu.

Aliyetueleza haya alikuwa Sheila, binti wa maabara kutoka chuo kikuu, mpole lakini mwenye haraka, kila mara mkoba begani kana kwamba gari linamsubiri. Elkana aliposikia neno sukari alisimama kabisa.

"Kwa hivyo hii ni mtoto wa sukari?"

"Unaweza kusema hivyo, Mzee," Sheila akacheka.

"Basi mimi na hii tunajuana."

Tulicheka sote.

Masika yalipoingia, upepo uling'oa bati la stoo na mifuko kadhaa ya punje ikalowa, mingine kabla hatujaigundua. Tuliikausha, lakini nani angejua ipi imeharibika na ipi bado nzima? Kwa macho, punje zote zilikuwa sawa. Elkana alimpigia Sheila, akaweka simu mezani ili nami nisikie. Mtandao wa siku hiyo ulikuwa wa kukatika katika.

"Mzee, kuna ile sahani ya umeme niliwaachia, na vile vioo vidogo," Sheila alisema. "Kabla umwage mfuko kwa mashine, chukua punje moja, uiyeyushe katikati ya vioo viwili. Halafu uitoe kwa moto, uangalie vile inaganda. Ile inaganda vibaya, weka mfuko wake kando. Hiyo imeharibika."

"Ile inaganda vibaya."

"Eeh, hiyo usitumie hata kidogo. Umenipata, Mzee? Ama nikutumie video?"

"Video ya nini, mama? Hiyo kazi ndio nimefanya maisha yangu yote."

Nilikuwepo. Nilisikia kila neno na sikuona kasoro. Sheila naye, nadhani, alishukuru kupata mtu asiyehitaji kufundishwa mara mbili.

Tukaanza kupima. Punje za mifuko mingine ziliyeyuka zikawa angavu, zikatolewa motoni, na zikakaa hivyo hivyo, unaona dirisha kupitia kwake, kama tone la maji ambalo halina haraka ya kwenda popote. Elkana alizisubiri, akakunja uso. Punje za mifuko mingine zilikuwa hazijapoa vizuri vikaanza kuchipuka ndani yake vidoa vyeupe, vikapanuka kama maua, vikagusana, na tone zima likawa la maziwa. Aliniita nije nione. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni.

"Ona chembe hizo! Hata hazikungoja. Hii ni muwa uliokatwa asubuhi."

Mifuko ya tone angavu akaiburuta hadi pembeni, akaandika juu yake kwa makaa: MBAYA. Mifuko ya tone jeupe tukaipeleka mashineni. Iliyeyuka kwa urahisi na kutiririka bila kusumbua, na Elkana akasema hata mashine inajua chakula kizuri. Uzi uliotoka ulikuwa mweupe na mkavu. Ulinikwaruza vidole. Nilipolalamika aliniambia nimezoea vitu laini.

Sasa nimseme Levis, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya nyuzi tu.

Levis ni mtoto wao wa pekee wa kiume. Hakutaka ndizi wala nyavu. Alienda kwenye mashimo ya dhahabu, huku huku Nyatike, ndani kidogo kutoka ziwani. Wanachimba shimo jembamba linaloshuka moja kwa moja, na juu yake wanaweka gogo lenye mpini wa kuzungusha. Mtu hutia mguu kwenye kitanzi cha kamba, hushika kamba kwa mikono, na wenzake humteremsha polepole mpaka giza limeze kichwa chake. Jioni wanamvuta vivyo hivyo. Hakuna ngazi.

Elkana aliogopa shimo lile kuliko kitu chochote duniani. Hakuficha. Alikuwa akiweka uzi mezani na kusema tu, bila kuulizwa, "Sasa ameshaingia." Halafu shimo jirani likakatikiwa na kamba na kijana mmoja akafa. Elkana alienda mazishini. Jioni hiyo alimwomba Levis aache kazi ile, akaomba tena, mpaka Nyaboke akalia. Levis akauliza atafanya nini badala yake.

Basi Elkana akasuka kamba.

Vipande vya uzi vilivyobaki tuliruhusiwa kwenda navyo nyumbani, vya kufungia mbuzi au kuanikia nguo. Elkana alichagua ule mweupe kuliko wote. Alisuka mchana wakati wa chakula, alisuka akingoja mashine ipate moto, nyuzi juu ya nyuzi, mpaka kamba ikawa nene kama kifundo cha mkono wangu. Siku moja nilimwuliza, na namshukuru Mungu kwamba angalau niliuliza.

"Jakisii, si hii kitu ilitengenezwa ioze?"

"Inaoza kwa tope la ziwa, Min Maxwell. Levis haendi ziwani, anaingia shimo kavu. Na kabla mvua irudi nitakuwa nimemsukia ingine." Akaipiga kamba mezani ili nisikie sauti yake. "Sikia. Imeganda vizuri."

Tuliifunga kwenye boriti ya karakana. Tukaning'iniza gunia la mchanga, halafu mimi na yeye tukaning'inia pamoja, tukibembea kama wajinga, na haikulia hata kidogo. Levis alipokuja kuichukua aliipokea kwa mikono miwili. Elkana akamwambia, "Kama ni lazima uingie, ingia na kamba ya baba yako." Baada ya hapo nilimwona mtu akipumua. Kwa miezi, neno lile la "sasa ameshaingia" halikusikika tena mezani kwetu.

Sheila alirudi karakanani asubuhi moja ya joto, bila kutangaza. Alisalimia, akatembea tembea, akafika pembeni ilipokuwa mifuko yenye neno MBAYA.

"Mzee, hizi mbona hamjatumia?"

"Hizo ziliharibika na maji. Zilikataa kuganda."

Sheila aliwasha sahani ya umeme, akayeyusha punje moja kutoka mfuko ule, akaitoa, akaiinua kuelekea dirishani. Tukangoja. Tone likabaki angavu. Akalitazama muda mrefu, kisha akamtazama Elkana.

"Hii iko sawa kabisa," alisema polepole. "Hii ndio nzima. Zile zingine zilikuwa aje?"

"Zile zingine ziliganda vizuri. Mara moja. Nyeupe, na chembe."

"Na mkazitumia?"

"Si ndio ulisema?"

Sheila akaketi juu ya mfuko. Alitueleza kwa sauti ndogo, na ingawa sikusoma sana nilielewa yote, kwa bahati mbaya. Plastiki hii ndani yake ni nyuzi nyembamba mno, ndefu, zilizosokotana kama nywele ambazo hazijachanwa. Zikiwa ndefu hivyo haziwezi kujipanga haraka, ndiyo maana tone linachelewa kuganda. Maji na joto vikiingia vinazikatakata. Zikishakuwa fupi hakuna kinachozizuia, zinakimbilia mistari kama watoto wa shule kengele ikilia, na tone linakuwa jeupe papo hapo. Kwa hiyo inayoganda haraka ndiyo iliyokatika. Ikishajipanga hivyo inakuwa ngumu, ndiyo, lakini ugumu wake ni wa kuvunjika. Kwa sukari, kuharibika huzuia kuganda. Kwa mtoto wa sukari, kuharibika ndiko kunakogandisha. Neno lilikuwa moja, "inaganda vibaya," na kila mmoja wao alilisikia kwa kichwa chake.

"Si kosa lenu," Sheila alisema. "Ningewaambia vizuri. Nyavu tutazirudisha tu, zitapasuka mapema, hakuna mtu ataumia."

Aliokota kipande cha uzi wetu mweupe kilichokuwa kimening'inia msumarini tangu masika, akakikunja kidogo kwa vidole viwili. Kikasema ta! Kikavunjika kama kijiti cha kibiriti.

Nilimtazama Elkana. Mkono wake mmoja ulikuwa ukitafuta ukingo wa meza bila kuupata.

"Levis," alisema.

Sheila hakujua Levis ni nani. Nilimwambia kwa maneno machache, naye akaweka mkono mdomoni. Elkana alikuwa ameshapiga simu. Simu ya Levis haikupatikana, na isingepatikana, maana shimoni hakuna mtandao na saa hiyo alikuwa ndani. Namba ya mtu mwingine wa pale hatukuwa nayo.

"Hiyo kamba imekaa aje? Iko mahali pakavu?" Sheila alimwuliza.

"Pakavu," Elkana alisema. "Shimo lake ni kavu." Kisha wazo likamfikia. "Lakini nguo zake. Kila siku Nyaboke anazifua, zimelowa. Levis analalamika kwamba huko chini kuna joto, ukuta unatoa jasho." Akanigeukia. "Min Maxwell, ukuta unatoa jasho. Aliniambia mwenyewe nikasahau."

Nilivua aproni nikakimbia barabarani kutafuta pikipiki. Tulipanda wawili nyuma ya kijana mmoja, Elkana katikati na mimi nyuma yake. Nilikuwa nimemshika kiunoni. Aliomba kwa lugha yake, kwa pupa, na neno pekee nililolishika lilikuwa Nyasae, Nyasae, ambalo halina tofauti kubwa na letu la Nyasaye, Mungu. Kila tulipopita tuta aliacha kuomba na kuniuliza swali. Je, kamba nene huoza polepole kuliko nyembamba? Je, tuliponing'inia ilikuwa haijalia, au ililia na hatukusikia? Nilimjibu kila mara kwamba sijui. Ningeweza kumdanganya, lakini nilikuwa na hofu hata ya kudanganya. Mimi ndiye niliyemsokotea ule uzi. Ulinikwaruza vidole na nikaendelea kusokota.

Tulipofika, Elkana alishuka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka kwa magoti, akainuka. Kwenye shimo la Levis alikuwa Wangwe, mshirika wake, jamaa mnene mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, pamoja na kijana mwingine kwenye mpini. Kamba nyeupe ilikuwa imeshuka shimoni, imenyooka.

"Levis ako wapi?"

"Mzee, karibu! Ako chini. Sasa hivi tu amevuta kamba, anataka kupanda, twende tukule."

"Kwa kamba gani?"

"Si yako? Hiyo nyeupe." Wangwe akatabasamu na kuinama kwenye mpini.

Elkana alijirusha juu ya mpini kwa kifua chake chote. Wangwe alidhani mzee amerukwa na akili, akamshika begani. Nami nikapiga kelele, sijui nilisema nini, Kijaluo na Kiswahili pamoja, lakini yule kijana mwingine alielewa akaachia. Elkana akalala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, kichwa kikining'inia ndani.

"Levis! Toa mguu! Toa mguu kwa kamba, usiguse kamba!"

Harufu ya mvuke wa udongo ilipanda, moto na maji pamoja, kama pumzi ya sufuria. Shimo kavu! Nilitamani kumpiga mtu.

"Tata?" Sauti ilitoka mbali sana.

"Toa mguu! Kaa chini! Usipande!"

"Nimetoa. Kuna nini?"

Nikainama nikamwambia kwamba kamba ni mbovu, angoje, tunatafuta nyingine. Levis hakuuliza zaidi. Hilo nililiona la ajabu kidogo hata wakati ule.

Sasa ilibidi kamba nyingine ipatikane. Shimo la karibu lilikuwa na kamba nzuri ya nailoni, ya buluu, lakini mtu wao naye alikuwa chini akiitegemea. Wangwe alikimbia shimo hadi shimo. Sisi tukabaki. Hewa chini huko si nyingi, kila mchimbaji anajua hivyo, na mashine ndogo ya kusukuma hewa ilikuwa ikikohoa. Elkana hakutoka ukingoni. Alikuwa ameshika ile kamba yake, hathubutu kuivuta wala kuiachia. Kila baada ya muda aliita "Levis?" na Levis akajibu "Niko," na yeye akafumba macho. Mara moja jibu lilichelewa. Sijawahi kusikia sauti kama ile aliyoitoa Elkana, na sitaki kuisikia tena. Kumbe Levis alikuwa amekaa akajipumzisha.

Elkana alipofungua kiganja kujifuta uso niliona unga mweupe kwenye mistari ya mkono wake. Kamba ilikuwa ikimwagika yenyewe.

Wangwe alirudi na kamba nyingine ya buluu begani, mwenye kamba akimfuata nyuma na kulalamika. Waliifunga, wakaiteremsha. Wakazungusha mpini, na mimi nikaangalia ardhi kwa sababu sikuweza kuangalia shimo. Nilisikia kwanza viatu vikigonga ukuta. Halafu kichwa cha Levis kikatokea, chekundu kwa matope, macho meupe, na baba yake akamshika kwa kola ya shati, kwa masikio, kwa mikono, kila mahali pa kushikwa, mpaka alipokuwa amekaa mbali na shimo kabisa.

Elkana akaenda kwenye gogo, akavuta kipande cha ile kamba nene, akakikunja juu ya goti lake. Hakutumia nguvu. Ililia ta, ta, ta, uzi baada ya uzi, ikakatika mikononi mwake. Wangwe akasema "Yawa!" akakaa chini.

Levis ndiye pekee ambaye hakushtuka. Alikuwa akiitazama kamba ile kama mtu anayesikia habari anayoijua.

"Ilianza kulia kitambo," alisema.

"Kulia?"

"Nikiwa napanda. Inasema hivyo hivyo, ta, ta. Kwanza mara moja moja. Siku hizi ni njia yote. Nafunga macho naomba mpaka nifike juu."

Elkana alimgeukia taratibu sana. "Na ukanyamaza? Kamba inalia, na wewe unapanda, na jioni unakuja kula kwangu unanyamaza?"

Levis alifuta matope mdomoni kwa mkono wa shati. Ni mtu mzima, ana ndevu, lakini wakati huo alionekana mtoto.

"Tata, ulinisukia na mikono yako. Ulikuwa umeanza kulala vizuri, mama aliniambia. Ningekuja na kamba ya duka, ungejua kuna shida. Ungeanza kuogopa tena."

Elkana alikaa pale pale kwenye lundo la udongo. Nilidhani nimeshaona hofu yote aliyokuwa nayo, njiani na ukingoni mwa shimo. Kumbe ilikuwa bado. Levis akaja akamkumbatia kwa matope yake yote, na mzee akamng'ang'ania mwanawe kwa mkono mmoja, mwingine bado umeshika kipande cha kamba.

Nyavu zetu zilirudishwa, na mifuko iliyoandikwa MBAYA ndiyo tunayotumia sasa. Elkana bado hupima, lakini hapimi peke yake. Huniita, husema, "Mimi naona hivi. Wewe unaona nini?" na hangoji tu nikubali, hunilazimisha kueleza. Sijamsikia akihubiri kuganda tangu siku ile, na sikudhani kwamba ningeyatamani mahubiri hayo.

Levis bado anaingia shimoni, kwa kamba ya nailoni. Nyumba yao na yangu zinatenganishwa na ua tu, kwa hiyo kila asubuhi nawasikia. Levis huwa anafunga viatu mlangoni, na baba yake hutoka na kusimama mbele yake asipite.

"Kamba inasema nini?" humwuliza.

"Haisemi kitu, Tata."

"Niangalie ukisema."

Na Levis humwangalia, na kusema tena.